Sweta la mtumba na nusu doti ya khanga: uchambuzi wa kisa cha zawadi ya mtoto mchanga

Usuli

Kisa hiki kimetokea Moshi, na wahusika wote wawili wamekubali kisimuliwe. Majina niliyotumia si yao, na mambo mengine ya kuwatambulisha nimeyaondoa au kuyabadilisha. Mimi nafundisha kufuma na kushona katika kikundi kidogo cha akina mama. Nimo ndani ya kisa hiki, na mojawapo ya makosa makubwa yaliyofanyika ni langu.

Upendo na Hawa walilala chumba kimoja chuoni. Mwaka wa mwisho walichanga hela wakanunua doti moja ya khanga, wakaikata katikati, kila mmoja akachukua upande wake. Jina lake lilikuwa NANI KAMA MAMA. Aliyewahi kugawana doti na shoga yake hahitaji kuelezwa zaidi. Upendo alikitumia kipande chake bila kukionea huruma: jikoni, kitandani, safarini. Kilifuliwa miaka hadi kikalainika namna ile ambayo khanga mpya haiwezi kuwa laini hata uifanyeje.

Hawa alikaa kwenye ndoa miaka 7 kabla ya kushika mimba. Hata alipoipata hakutaka isemwe mapema, kwa hiyo Upendo aliambiwa ikiwa na miezi sita. Alikuja kwangu wiki hiyohiyo. Alikuwa na shilingi 40,000 za kutumia, mshahara wake ulikuwa unachelewa, na alikuwa ameshakataa wazo la kununua kitu dukani. "Mwalimu," alisema, "nataka kila akikishika ajue nilikaa nikikifanya."

Tukakubaliana juu ya vitu viwili. Cha kwanza blanketi la kufuma, kwa sababu mtoto alitarajiwa mwishoni mwa Juni, na Moshi ya Juni na Julai ni ya mawingu na manyunyu. Kuna siku mlima hauonekani kabisa na nguo zinashinda kwenye kamba bila kukauka. Cha pili begi la kubebea nepi na vifaa vya mtoto. Uzi mpya wa kutosha blanketi ungekula karibu hela yote, basi akaamua kununua masweta ya mitumba, ayafumue, atumie uzi wake.

Masweta matatu ya kwanza

Upendo alikwenda soko la Memorial peke yake, akachagua kwenye lundo la bei moja, shilingi 2,000 kila sweta. Alichagua kwa macho: rangi nzuri, halijatoboka, halijachuja. Akaja nayo matatu akiwa na furaha.

Niliyageuza nje ndani, na kabla sijasema neno alijua kuna tatizo.

Mawili yalikuwa yameshonwa kwa ovaloki, ule mshono wa mashine unaozungushia kingo zilizokatwa, ubavuni na kwenye mabega. Maana yake kiwandani walifuma kitambaa kipana, wakakikata kwa mkasi kama wanavyokata fulana, kisha wakaunganisha vipande. Sweta la namna hiyo kila mstari wake umekatwa ncha zote mbili. Ukilifumua hupati uzi mmoja mrefu. Unapata mamia ya vipande vya urefu wa kifua cha mtu, na hakuna atakayekaa kuviunga. La tatu halikuwa na ovaloki, lakini lilikuwa limewahi kufuliwa kwa maji ya moto huko lilikotoka. Nyuzi zilikuwa zimeshikana hadi huoni kitanzi kimoja kilipoishia na kingine kilipoanzia. Tulijaribu kulifumua mkononi, uzi ukakatika kila baada ya shibiri moja.

Hilo la tatu ningelikumbuka vizuri zaidi, mambo yangekwenda vingine. Nilikuwa nimeshika mkononi mfano hai wa kile ambacho kingelipata blanketi letu, na nilichofanya ni kuliweka pembeni tu.

Kurudi sokoni

Mara ya pili tulikwenda wote. Kwenye sweta linalofumulika, ukilitazama kwa ndani, kingo za kila kipande ni safi kama ukingo wa taulo, na vipande vimeungwa kwa mshono wa mnyororo ambao ukiukata sehemu moja na kuuvuta unaachia wote. Hiyo ni alama kwamba kila kipande kilifumwa kwa umbo lake, uzi ukienda na kurudi bila kukatwa. Tuligeuza masweta zaidi ya thelathini. Muuza alianza kuchoka na sisi, akatuuliza kama tumekuja kununua au kukagua. Tulinunua mawili.

La kwanza lilikuwa la kiume, kubwa, rangi ya maziwa, lebo yake ikisema ni sufu tupu, viwiko vimetoboka. Tundu la kiwiko ndilo lililoshusha bei hadi 3,000, nasi halikutusumbua, kwa sababu uzi mwingi uko kifuani na mgongoni. La pili la kijivu, 2,500. Kwenye mizani ya jirani yangu la kwanza lilisoma gramu 480 likiwa zima.

Hatukuamini lebo peke yake. Nyumbani tulichoma ncha ya uzi: ikanuka nywele zilizoungua, na majivu yake yakasagika kidoleni. Hiyo ni sufu. Akriliki ingeyeyuka na kuacha punje ngumu nyeusi.

Hapa ndipo ulipofanyika uamuzi uliozaa yote yaliyofuata. Pamba ingefulika kwa namna yoyote, lakini blanketi la pamba ni zito likilowa, na kwa hali ya hewa ile lingechukua siku tatu kukauka. Akriliki ni nyepesi na inakauka haraka, ila inayeyuka ikiguswa na moto, na nyumbani kwa Hawa wanapikia mkaa. Mtoto angekuwa anaota joto karibu na jiko. Sufu inatia joto hata ikiwa na unyevu kidogo, na haishiki moto kwa urahisi. Nilishauri sufu, Upendo akakubali. Kila hoja tuliyoitoa ilikuwa sahihi. Ila hakuna kati yetu aliyeuliza nani atalifua blanketi hilo, na kwa maji gani.

Kufumua, kufuma, kushona

Sweta nyingi zimefumwa kuanzia chini kwenda juu, kwa hiyo zinafumuliwa kuanzia juu: shingoni na mabegani. Ukianzia chini utahangaika. Upendo alikata mishono kwa wembe, akavuta uzi huku akiuzungushia mgongo wa kiti, akafunga kila shada mahali panne lisije likachanganyika. Uzi uliotoka kwenye sweta umejikunja kama nywele zilizofumuliwa misuko. Aliuosha, akautundika ukiwa mbichi na chupa ya maji ya nusu lita ikining'inia chini yake, na kesho yake ulikuwa umenyooka. Kazi hiyo ilichukua jioni mbili. Kufuma kulichukua wiki tano, karibu saa mbili kila jioni, mshono rahisi, rangi ya maziwa katikati na kijivu pembeni. Likafika sentimita 90 kwa 80.

Begi lilikuwa rahisi zaidi, nalitaja kwa kifupi. Jinzi mbili za shilingi 4,000 kila moja, na shuka la pamba la 3,000 kwa bitana. Tulikata kutoka nyuma ya mapaja na chini ya magoti, tukaacha magoti na makalio ambako kitambaa huwa kimeshaliwa hata kama hakijatoboka. Mikanda ya kiuno ikawa vishikio, kwa kuwa hakuna sehemu imara kuliko hiyo. Fundi alivunja sindano mbili pale mishono minene ilipokutana, hadi alipoweka sindano namba 18 na kuupigapiga mshono kwa nyundo ulale. Jambo moja tulilisahau: kusugua jinzi kwa kitambaa cheupe kilicholowa kuona kama inachuja. Moja ilikuwa inachuja. Bitana ikaingia ubuluu kwenye pembe kabla hata begi halijatumika. Vifungo vya mapambo alivyotaka kuvishonea nje nilimkatalia. Kifungo kikichomoka kwenye begi la mtoto, mahali pa kwanza kinapokwenda ni mdomoni.

Khanga: kukata au kutokata

Blanketi la kufuma lina matundu, na kidole cha mtoto mchanga kinaweza kunasa. Lilihitaji kitambaa upande wa chini. Upendo alitaka kutumia kipande chake cha khanga, na alikuja nacho siku hiyo pamoja na mkasi.

Nilimwomba auweke mkasi chini kwanza. Khanga ina pindo linaloizunguka, mji katikati, na jina sehemu ya chini ya mji. Ukikata kipande cha sentimita 90 kwa 80 unapoteza pindo, na ukikosea kidogo unakata maneno. Tena ile haikuwa khanga tu, ilikuwa nusu ya kitu ambacho nusu yake ya pili ilikuwa kabatini kwa Hawa. Nilimwambia kwamba kitambaa kilichokatwa hakirudi, na akanijibu kwamba kitu kikitolewa zawadi kinatolewa chote, haina haja ya kukibakizia uhai wa pembeni. Alikuwa na hoja. Tulibishana karibu nusu saa.

Mwisho tuliikunja. Pindo za kulia na kushoto tulizikunja kwa ndani, ya juu vilevile, hadi ikabaki saizi ya blanketi huku jina likionekana lote katikati. Kisha tukaishikiza kwa mkono pembeni, mishono mirefu ya uzi wa pamba. Kingo zilikuwa nene kidogo kwa sababu ya mikunjo, na Upendo hakuupenda unene huo. Alikubali kwa shingo upande.

Siku ya kupeleka

Mtoto alitangulia, akazaliwa katikati ya Juni. Upendo alimaliza kingo za blanketi usiku, na wiki iliyofuata akaenda kumwona mzazi. Mama mkwe wa Hawa alikuwa ameshahamia pale kumlea, mtori uko jikoni, maji ya mtoto yanachemka.

Siku mbili kabla, mwenzake wa kazini alikuwa amemwambia Upendo: "Mtoto aliyesubiriwa miaka saba unampelekea mtumba? Watu watasemaje?" Maneno hayo yalimwingia. Akaniuliza afanyeje. Nikamwambia asiseme lolote kuhusu sweta, kazi itajisemea yenyewe.

Pale, mama mkwe aliligeuzageuza blanketi, akalisifu, akauliza uzi ameutoa wapi. Upendo akajibu, "Wa dukani, mama."

Yaliyotokea

Nyuzi za kufumia zinazouzwa kwenye maduka yetu karibu zote ni akriliki, na mama mkwe anazifahamu. Amefuma vitambaa vya makochi maisha yake yote. Nguo za mjukuu alikuwa akizifua zote kwa maji ya moto na sabuni, akizisugua kwa nguvu. Wiki mbili baadaye blanketi lilipochafuka, alilifua hivyohivyo.

Unyuzi wa sufu una magamba madogo juu yake. Maji ya moto, sabuni na kusuguliwa vikikutana, magamba hayo hushikana na hayaachii tena. Blanketi lilitoka kwenye beseni likiwa limesinyaa hadi kama sentimita 60 kwa 50, nene na gumu kama kipande cha godoro. Khanga, ambayo ni pamba tupu, haikusinyaa, kwa hiyo ilijikusanya upande wa chini kama sketi ya marinda.

Hawa alilificha. Aliona aibu, akahofia Upendo atasema amedharau zawadi yake. Upendo naye alikuwa anaficha la sweta. Kuanzia Julai hadi Agosti hawakutembeleana, watu ambao hawajawahi kupitisha wiki mbili bila kuonana.

Agosti Upendo alikwenda bila taarifa, akaona begi la jinzi limetundikwa mlangoni, limejaa, linatumika. Akauliza blanketi.

"Shoga yangu, usikasirike," Hawa akasema, akalitoa kabatini.

Upendo alilishika muda mrefu, halafu akasema, "Mimi ndiye sikukwambia. Ule uzi ni wa sweta la Memorial. Ni sufu, haifuliwi hivi."

"La Memorial?" Hawa akacheka. "Kwani hizi alizovaa mwanao unadhani ni za wapi?"

Mama mkwe alikuwa kwenye kiti chake, akasema neno moja ambalo Upendo alinirudishia kama lilivyo: "Sufu inafuliwa kwa maji ya baridi, mwanangu, hilo nalijua tangu nikiwa msichana. Ningeambiwa tu."

Uchambuzi

Nimeirudia kauli hiyo mara nyingi. Blanketi halikuharibiwa na mtu asiyejua. Liliharibiwa na mtu anayejua sana, aliyepewa habari ya uongo kuhusu alichokishika mkononi. Angeambiwa ni sweta la sufu, angelifua vizuri kuliko mimi.

Kwa hiyo kosa langu la kumwambia Upendo anyamaze naliona kubwa kuliko uchaguzi wa uzi. Nilidhani nalinda heshima ya zawadi. Na hofu ile ya mwenzake wa kazini siidharau, ina msingi. Sisi sote tunavaa mitumba na tunawavalisha wanetu, na mama anayejua kuchagua kwenye belo anasifiwa. Ila kujinunulia ni jambo moja, kupewa ni jambo lingine, kwa sababu aliyepewa anapimwa na watu kwa alichopewa. Mtumba uliotolewa kama ulivyotoka sokoni unaweza kusomeka kama dharau. Lakini saa sitini za kufuma tayari zilikuwa zimeugeuza ule mtumba kuwa kitu kingine. Ilibaki kusema tu: nilinunua sweta, nikalifumua, nikafuma hiki. Hadithi hiyo ndiyo iliyokuwa zawadi yenyewe, kama Upendo alivyoitaka tangu siku ya kwanza aliponiambia anataka Hawa ajue alikaa akikifanya. Tukaiondoa wenyewe.

Kuhusu uchaguzi wa sufu, bado naamini ni uzi mzuri kwa baridi ya Moshi. Ila swali la kwanza lilipaswa kuwa la ufuaji, na mfuaji katika miezi mitatu ya uzazi si mzazi mwenyewe. Ni mama mkwe, mama mzazi, au binti wa kazi. Tulimfikiria Hawa kwa kila hatua, tukamsahau mtu ambaye mikono yake ingelishika blanketi kila siku. Sasa kila mwanafunzi wangu anayefumia mtoto hufua kipande cha majaribio kwa maji ya moto kabla ya kuanza, na hushonea kitambaa kidogo pembeni kilichoandikwa kwa Kiswahili jinsi ya kufua. Kazi ya dakika kumi.

Kilichofaulu bila shaka ni kujifunza kusoma mshono wa sweta kabla ya kutoa hela. Masweta matatu ya kwanza yalipoteza shilingi 6,000, na ukijumlisha masweta yote, jinzi, shuka, fundi 8,000, na nyuzi na sindano 2,000, matumizi yalikuwa 32,500. Zile 7,500 zilizobaki zilinunua sabuni na sukari za kupeleka kwa mzazi. Begi lilifaulu pia, ubuluu wa bitana na yote. Lilifaulu kwa sababu lilitengenezwa kwa sehemu za nguo ambazo zilikuwa bado na nguvu, na kwa sababu jinzi inastahimili kila aina ya ufuaji. Halikumhitaji mtu ajue chochote kulihusu.

Na khanga. Kama ingekatwa, tungebaki na kipande cha sentimita 90 kilichofungwa kwenye blanketi lililokufa. Kwa kuwa ilikunjwa na kushikizwa kwa mkono, ilifumuliwa kwa dakika ishirini ikatoka nzima, pindo, mji na jina. Upendo aliponiletea habari hiyo hakuniambia kwamba nilikuwa sahihi, wala mimi sikuwa na haja ya kulisikia. Ile hoja yake kwamba kitu kikitolewa kinatolewa chote bado naiheshimu.

Hali ilivyo sasa

Sufu iliyoshikana haifumuliki, lakini pia haichanuki ukiikata. Unaweza kuikata kwa mkasi na kingo zisiachie uzi. Upendo na Hawa walikaa kibarazani siku moja ya Septemba wakaikata wenyewe, mama mkwe akisimamia. Ilitoa kizibao kimoja na jozi mbili za viatu vya ndani. Kizibao kilimtosha mtoto hadi alipoanza kutambaa.

Hawa ana vipande vyote viwili vya khanga sasa. Rangi hazilingani tena. Chake alikitunza, cha Upendo kimepauka. Akitoka anajitanda chake, na mtoto anambeba kwa kile kilichopauka, kwa sababu ndicho laini.